Kipa aliyeuficha mpira mbele ya kamera saba: kisa cha Villa Park, Juni 2020

Tarehe 17 Juni 2020 Ligi Kuu ya Uingereza ilirudi uwanjani baada ya siku 100 za kusimamishwa na korona. Mechi ya kwanza ilikuwa Aston Villa dhidi ya Sheffield United pale Villa Park, majukwaa matupu, na nusu ya dunia iko mbele ya runinga kwa kiu ya miezi mitatu. Dakika ya 42 Oliver Norwood wa Sheffield alipiga faulo kutoka pembeni, mpira ukaingia eneo la hatari ukimfuata kipa wa Villa, Ørjan Nyland. Nyland akaudaka. Akiwa anarudi nyuma akagongana na mwenzake, Keinan Davis, akapepesuka, akaingia golini karibu na nguzo mpaka kwenye nyavu za pembeni, mpira ukiwa mikononi mwake. Wachezaji wa Sheffield wakanyoosha mikono juu kushangilia. Mwamuzi Michael Oliver akawaonyesha saa yake ya mkononi, ile inayotetemeka mfumo ukiona mpira umevuka mstari wa goli: haijatetemeka. Mchezo ukaendelea, na ukaisha kwa suluhu ya 0-0.

Marudio ya runinga hayakuacha nafasi ya ubishi. Mpira mzima ulikuwa umevuka mstari mzima, na haukuvuka kwa unywele. Mtu aliyekaa sebuleni aliliona bao ambalo mfumo wenye kamera saba kwa kila goli, uliowekwa pale kwa kazi hiyo moja tu, haukuliona.

Pointi ile ilikuja kuwa na bei. Siku ya mwisho ya msimu, 26 Julai, Villa walitoka sare ya 1-1 na West Ham wakamaliza nafasi ya 17 wakiwa na pointi 35. Bournemouth, walioshinda 3-1 ugenini kwa Everton siku hiyohiyo, walishuka daraja na pointi 34. Watford nao walishuka na 34. Ukiwanyang'anya Villa pointi ya suluhu ile na kuwaongezea bao moja la kufungwa, wanabaki na 34 na tofauti ya mabao -27, wakati Bournemouth wana -25. Hesabu inawashusha Villa. Ni hesabu tu, kwa sababu bao la dakika ya 42 lingewapa Villa kipindi kizima cha kusawazisha, na mechi zilizofuata zingechezwa kwa presha nyingine. Ila mashabiki wa Bournemouth hutawashawishi kwa hoja hiyo. Huku kwetu habari ilikuwa na ladha yake, maana Mbwana Samatta alikuwa Villa tangu Januari, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na bao lake pekee la ligi akiwa na jezi ya Villa aliwafunga haohao Bournemouth, 1 Februari, kwenye mechi ambayo Villa walipoteza 2-1. Waliokuwa wanamfuatilia Samatta walikuwa na sababu ya kuishukuru saa ya Michael Oliver.

Mimi kisa hiki kinanivuta kwa upande mwingine. Anayejifunza kufuatilia kwa kompyuta vitu vinavyotembea kwenye video huanza na mifano ya starehe: gari moja barabarani, mtu mmoja korido, kiboksi cha kijani kinamfuata kila aendako. Villa Park ni mfano wa kazi hiyo ikiwa kwenye mazingira bora kabisa yanayoweza kununuliwa, kamera za gharama, taa za uwanja, kitu kimoja tu cha kufuatilia ambacho umbo lake linajulikana kwa vipimo, halafu ikashindwa. Na nikiitazama kwa makini, naona kupoteza mpira ndiyo sehemu ndogo ya kosa. Mpira hupotea. Kubwa ni kwamba mfumo ulipoupoteza haukuwa na namna ya kumwambia mwamuzi kuwa umeupoteza.

Hawk-Eye, ndilo jina la mfumo huo wa kamera na la kampuni yake, haikuzaliwa kwenye soka. Paul Hawkins na wenzake waliitengeneza Roke Manor, maabara ya utafiti huko Romsey kusini mwa Uingereza, na mwaka 2001 ikaanza kutumika kwenye matangazo ya kriketi ya Channel 4, kuonyesha mpira ungeelekea wapi kama mguu wa mpigaji usingeuzuia. Tenisi ikafuata. Soka iligoma kwa miaka mingi, mpaka 27 Juni 2010 kule Bloemfontein, Kombe la Dunia la Afrika Kusini, shuti la Frank Lampard lilipogonga mwamba na kudunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani na waamuzi wasilione. Julai 2012 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliruhusu teknolojia ya mstari wa goli. Ligi Kuu ya Uingereza ikaanza kuitumia msimu wa 2013/14, na ikachagua Hawk-Eye, ambayo wakati huo ilikuwa tayari mali ya Sony.

Huo ukoo wa kriketi na tenisi usiupuuze. Kwenye michezo hiyo miwili mpira hauna mahali pa kujificha. Ukishapigwa unaruka hewani peke yake, unafuata sheria za fizikia, na hakuna anayeukumbatia. Anayetengeneza kifuatiliaji cha mpira wa tenisi anaweza kuweka dau lake lote kwenye mambo mawili, kwamba mpira utaonekana na kwamba njia yake inatabirika, na mara nyingi mno atashinda. Kwenye soka kuna mtu mmoja anayeruhusiwa kuushika kwa mikono, na mtu huyo anasimama palepale kwenye mstari tunaotaka kuupima.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Kila goli lina kamera saba zilizofungwa juu majukwaani, kila moja ikiangalia eneo la goli kutoka upande wake. Kabla ya yote kamera zinapimwa: kwa kutumia nguzo, mistari na alama za uwanja ambazo vipimo vyake vinajulikana, programu inajua kila pikseli (nukta ya picha) ya kila kamera inaelekea wapi uwanjani. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, kwa hiyo lenyewe ni rula nzuri. Kamera inayotazama upana wa mita 10 kwa pikseli 1,920 inampa kila pikseli kama milimita 5. Mpira una kipenyo cha karibu sentimita 22, maana yake unachukua pikseli arobaini na kitu kwa upana, na ukingo wake wa duara una pikseli zaidi ya mia. Ukilazimisha duara lipite kwenye pikseli zote hizo, kitovu chake unakipata kwa kosa dogo kuliko pikseli moja. Ndiyo sababu mfumo huu uliweza kusema, Januari 2019 kwenye mechi ya Manchester City na Liverpool, kwamba mpira aliouokoa John Stones ulikuwa umebakiza zaidi kidogo ya sentimita moja kuvuka. City walichukua ubingwa msimu ule kwa tofauti ya pointi moja.

Kamera moja haitoshi. Kamera moja inakuambia mpira uko kwenye mstari fulani unaotoka kwenye lenzi kwenda mbele. Uko karibu au mbali kiasi gani, haijui. Ya pili inakupa mstari wake, na pale mistari miwili inapokutana ndipo mpira ulipo. Ya tatu, ya nne na kuendelea zinapunguza makosa na kukagua wenzao. Kwa hiyo mahitaji ya chini kabisa ni kamera mbili zenye kipande cha mpira kinachotosha kulijenga duara. Zile saba ni akiba.

Halafu kuna wakati. Shuti la kilomita 100 kwa saa linakwenda mita 27.8 kila sekunde. Kamera ya kawaida ya fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde itaukuta mpira umesogea zaidi ya mita moja kati ya fremu na fremu, yaani unaweza kuingia golini, kugonga chuma cha ndani na kutoka bila kupigwa picha ukiwa ndani. Kwa fremu 200 kwa sekunde, mruko ni sentimita 14. Hapa ndipo kifuatiliaji kinapotofautiana na mashine ya kutambua picha. Kutambua ni kujibu "mpira uko wapi kwenye fremu hii?" Kufuatilia ni kuibeba historia: ulikuwa pale, unakwenda kwa kasi hii, basi fremu ijayo utafute hapa.

Chombo kinachotumika kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1960 ni kichujio cha Kalman. Kinakisia mahali kitu kitakapokuwa, kinasubiri kipimo kutoka kwa kamera, kisha kinachanganya makisio na kipimo kwa kuangalia kipi kinaaminika zaidi kwa wakati huo. Kipimo kisipokuja, kinaendelea kukisia peke yake, lakini kila fremu inayopita duara la mashaka yake linapanuka. Na hilo kinalijua, kwa sababu namba ya mashaka inahesabiwa pamoja na namba ya mahali. Shika hapo, tutapahitaji.

Sasa tumrudishe Nyland. Mpira unakuja kutoka pembeni, uko hewani, kamera zinauona, kichujio kina raha. Mvutano wa dunia kimeshaufundishwa: mpira ukizibwa kwa sehemu moja ya tano ya sekunde na kichwa cha beki, kinajua kwamba katika muda huo mvutano peke yake unaushusha kama sentimita 20, kitautafuta hapo na kitaupata. Mara kipa anaudaka. Papo hapo fizikia yote iliyokuwa inausukuma mpira inafutika. Mpira uliokuwa unakwenda mita 15 kwa sekunde sasa unakwenda kwa kasi ya mtu anayepepesuka. Kifuatiliaji kisichopata kipimo kipya, baada ya theluthi moja ya sekunde kitakuwa kinautafuta mita 5 kutoka ulipo, pengine nyuma ya goli. Dawa ni kuacha kuiamini historia na kuutafuta mpira upya kwenye fremu nzima kwa umbo na rangi. Lakini umbo gani? Kwa kila kamera sasa mpira ni vipande vyeupe katikati ya glovu mbili, kifua, kidevu na mikono ya jezi. Duara limekatwakatwa.

Na bado Nyland hakuwa peke yake. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa Davis. Ubavuni kwake kulikuwa na nguzo, chuma cheupe kama mpira wenyewe. Taarifa ya Hawk-Eye iliyotoka usiku uleule ilivitaja vyote vitatu: kamera zote saba zilizoko majukwaani zilizibwa kwa kiasi kikubwa na kipa, beki na nguzo ya goli. (Aliyeitwa beki ndiye Davis, mshambuliaji aliyerudi kukaba.) Kampuni iliomba radhi bila masharti, ikasema mfumo ulipimwa kabla ya mechi na waamuzi wakauthibitisha, ulikuwa unafanya kazi muda wote, na kwamba kuzibwa kwa kiwango kile hakukuwahi kuonekana kwenye mechi zaidi ya 9,000 ambazo mfumo umetumika.

Hiyo 9,000 ilirudiwa sana kwenye habari, na ni namba ya kutisha ukiipokea bila kuuliza inapima nini. Mechi nyingi zinaanza na kwisha bila mfumo wa mstari wa goli kuulizwa swali lolote gumu: mpira unaingia nyavuni kila mtu akiona, au hauingii. Mechi ambazo mpira ulivuka mstari ukiwa kifuani kwa kipa, karibu na nguzo, na mchezaji mwingine mbele yake, ni chache mno. Mfumo ungepaswa kuhesabiwa ufaulu wake kati ya hizo chache. Ukigawanya kwa 9,000 unaipongeza kamera kwa kazi ambayo haikuifanya.

Kuna hesabu nyingine ya kujidanganya, na hii naiona kila mahali watu wanapofunga kamera nyingi. Tuseme kila kamera ina nafasi ya asilimia 10 ya kuzibwa. Kama kamera saba zinazibwa kila moja kivyake, uwezekano wa kubaki na kamera moja au sifuri ni karibu mara 6 katika milioni moja. Mtu akiiona namba hiyo analala usingizi. Ila neno zito ni "kivyake". Kamera zote ziko juu, zote zinaangalia eneo moja dogo, na kinachoziba si vumbi lililoangukia lenzi moja. Ni mwili wa mtu uliojikunja kuuzunguka mpira. Kipa akiukumbatia mpira, kamera ya kwanza ikizibwa na ya pili imekaribia kuzibwa kwa sababu hiyohiyo. Kuongeza kamera ya nane kwenye jukwaa lilelile hakubadilishi lolote. Kingesaidia pengine ni kitu kilichokaa chini, nyuma ya nyavu, kinachomwona kipa mgongoni.

Mpaka hapa hakuna wa kumlaumu sana. Kuzibwa ni tatizo sugu la fani hii, na hakuna algoriti inayoona kupitia kifua cha mtu. Lakini sheria inasema mfumo umjulishe mwamuzi ndani ya sekunde moja, kwa mtetemo na ishara kwenye saa. Bao: saa inatetemeka. Si bao: saa imekaa kimya. Na kama mfumo hauujui mpira uliko? Saa imekaa kimya. Majibu mawili tofauti kabisa, "nimeuona na haujavuka" na "sijauona", yanafika kwenye mkono wa mwamuzi yakiwa kitu kimoja.

Hapo ndipo ile namba ya mashaka ya kichujio cha Kalman inapouma. Ndani ya mfumo wowote wa aina hii, taarifa ya kupotea kwa mpira ipo. Programu inajua ni kamera ngapi zina kipimo kwenye fremu hii, inajua fremu ngapi zimepita tangu kipimo cha mwisho, inajua duara la mashaka limepanuka kiasi gani. Vifuatiliaji vya bure ambavyo vijana wetu wanavishusha mtandaoni vinabeba mambo hayo waziwazi: SORT ya mwaka 2016 inahesabu muda tangu kila kitu kilipoonekana mara ya mwisho, na DeepSORT iliyofuata inakiwekea kila kitu hali yake, cha kubahatisha, kilichothibitika, kilichofutwa. Kinachotupwa ni pale matokeo yanapobanwa yawe ndiyo au hapana ili yaingie kwenye saa.

Mwamuzi naye alikuwa amezoezwa kuuamini ukimya. Miaka saba saa ile haikuwahi kumwangusha mtu kwenye ligi ile, kwa hiyo alipowaonyesha wachezaji mkono wake alikuwa anasema kwa dhati: mashine imeangalia, si bao. Mashine haikuwa imeangalia kitu.

Bado palikuwa na wavu wa pili. VAR, waamuzi wanaokagua matukio kwa video, ilikuwa imeingia Ligi Kuu msimu uleule wa 2019/20, na waliokaa kwenye chumba cha Stockley Park, London, walikuwa na picha zote za runinga. Bao au si bao ni miongoni mwa mambo ambayo VAR inaruhusiwa kukagua. Chombo kinachosimamia waamuzi wa ligi kilieleza baadaye kwamba VAR iliweza kukagua, ila kwa kuwa waamuzi wa uwanjani hawakupata ishara, na kwa upekee wa tukio, haikuingilia. Isome tena. Ukimya wa saa ulisafiri kutoka mkononi mwa Oliver mpaka Stockley Park na kufika huko ukiwa umegeuka ushahidi. Kifaa cha pili, chenye picha nzuri kuliko cha kwanza kwa tukio lile, kilijinyamazia kwa kukiheshimu cha kwanza. Wahandisi wangetuma neno moja, "sijauona," VAR ingekuwa na sababu ya kufungua picha, na kwa marudio yale uamuzi usingechukua hata dakika.

Wapo wanaosema jawabu la tatu lingeleta vurugu, mwamuzi anatetemeshwa mkono kila kona inapopigwa na kundi la watu linapomsonga kipa. Ni hoja ya kweli. Kila kona mpira unazibwa kidogo. Lakini hakuna anayetaka kuambiwa kila mpira unapozibwa. Kinachohitajika ni kujua mpira umezibwa huku duara la mashaka likigusa mstari wa goli, kwa muda unaozidi, tuseme, nusu sekunde. Hayo ni matukio machache. Na hayahitaji hata kumfikia mwamuzi. Yanaweza kwenda moja kwa moja kwa mtu wa VAR aliyekaa mbele ya skrini.

Mifumo mingine nayo ina historia yake ya makosa. Ligi ya Ufaransa ilitumia GoalControl, mfumo wa Kijerumani wa kamera uliokuwa umetumika Kombe la Dunia la Brazil 2014. Januari 2018, baada ya mfululizo wa makosa yaliyofikia kilele kwenye robo fainali za Kombe la Ligi, Wafaransa waliusimamisha na kisha kuvunja mkataba. Nadhani wanaotengeneza mifumo hii wanaogopa zaidi kutoa ishara ya uongo kuliko kukaa kimya: mtetemo wa uongo unaonekana na kila mtu hapohapo, ukimya wa uongo unaweza kupita. Na kwa kuchekesha zaidi, Oktoba 2020, miezi minne tu baada ya Villa Park, kamera inayojiongoza yenyewe ya Pixellot kwenye mechi ya Inverness na Ayr United huko Scotland ilitumia sehemu kubwa ya mchezo kufuata upara wa mshika kibendera, ikiudhania mpira. Watu walicheka dunia nzima. Mimi kwa kazi yangu afadhali kosa la Inverness: kamera ilikosea mbele ya macho ya kila mtu, na kila mtazamaji alijua dakika ileile kwamba imekosea.

Kulikuwa na njia isiyohitaji macho kabisa. IFAB iliporuhusu teknolojia mwaka 2012 ilipitisha mifumo miwili, na wa pili, GoalRef, uliotengenezwa na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, ulitumia uga wa sumaku kuzunguka goli na nyaya nyembamba ndani ya mpira. Sumaku haizibwi na kifua cha kipa. Nyland angeukumbatia mpira mpaka kesho, saa ingetetemeka. Lakini mpira wenye nyaya ndani ni mpira maalumu, na picha ya kamera ina faida ambayo sumaku haina: unaweza kuwaonyesha mashabiki ule mchoro wa mpira na mstari wakaamini. Soko likachagua kamera. Miaka kumi baadaye, Qatar 2022, kifaa kilirudi ndani ya mpira: Al Rihla ulikuwa na kihisi kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, kikisaidiana na kamera 12 za paa kwenye maamuzi ya kuotea. Kila kimoja kinajua asichokijua mwenzake. Kihisi kinajua mpira umeguswa lini hata usipoonekana, kamera zinajua miguu ya kila mchezaji iko wapi.

Kwa anayefanya kazi hizi hapa nyumbani, kisa hiki kina sura ya kila siku. Funga kamera moja kando ya Barabara ya Morogoro uhesabu bodaboda. Basi la mwendokasi likipita kati yako na upande wa pili wa barabara, kila bodaboda iliyokuwa nyuma yake inatoweka. SORT kwa mpangilio wake wa awali inakisahau kitu baada ya kukikosa fremu moja tu. Basi likishapita, bodaboda zilezile zinarudi na namba mpya, na umehesabu mara mbili. Ukirefusha kumbukumbu iwe fremu 30, bodaboda iliyochepukia mtaani nyuma ya basi inaendelea kuishi kwenye hesabu kama mzimu, na nyingine inaweza kurithi namba yake. Hakuna mpangilio unaoondoa tatizo. Ila ripoti unayompelekea mwenye kazi inaweza kuwa na safu ya pili: dakika ngapi za saa hiyo njia ya pili ilikuwa imezibwa. Ripoti nyingi nilizoziona hazina safu hiyo. Zina jumla moja, imeandikwa kwa wino mzito, na fremu zilizozibwa zimehesabiwa kama barabara tupu.

Tarehe 4 Septemba 2022 ikatokea tena, daraja moja chini. Huddersfield walikuwa nyumbani dhidi ya Blackpool, Yuta Nakayama akapiga kichwa, kipa akauokoa mpira ukiwa umeshavuka mstari waziwazi. Saa ya mwamuzi ikakaa kimya. Championship haina VAR, kwa hiyo safari hii hata wavu wa pili uliolala haukuwepo, na Blackpool wakaondoka na ushindi wa 1-0. Hawk-Eye iliomba radhi, na sababu ilikuwa ileile: kamera zilizibwa. Kusema kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana haikuwezekana tena.